Mke Wangu Amegoma Kushuka Dunguni

Bi Waridi, shikamoo. Naomba unijibu kabla ya Jumapili maana baada ya hapo sijui kama nitakuwa na ndoa. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha hapa Kibaoni, nyumba yangu iko Lipangalala, mke wangu ni Agnella, mabinti zetu wote wameshaolewa, na katika ndoa yetu sijawahi kumpiga wala kumtukana, tena nimempa uhuru mpaka wenzangu wananicheka, nimemruhusu kujiunga na vikoba, nimemruhusu kwenda Kiberege kwa dada yake bila kumwuliza anarudi lini, nimemruhusu hata kupaka nyumba rangi ya zambarau, na bado yamenikuta haya.

Msimu huu alikwenda shambani kuamia ndege kama kila mwaka, akakaa kwenye dungu letu, kibanda cha juu ya nguzo, mpunga ukaiva, tukavuna, magunia yakaja nyumbani, yeye hakuja. Kila nikimpigia simu anasema nakuja kesho, na kesho hiyo imeshatufikisha Agosti. Mpunga hakuna, ndege hakuna, anaamia nini? Majirani wakaanza kunong'ona kwamba kuna mwanamume, nikaenda bila taarifa, nikamkuta amekaa peke yake anakula perege wa kuchoma, miguu inaning'inia, anaimba, Bi Waridi, anaimba, na mimi nyumbani sijamsikia akiimba tangu binti yetu wa pili azaliwe. Nikamwuliza kama amenikataa. Akasema, "Baba Sikitu, wewe sijakukataa. Nimechoka kuwa wa kila mtu." Nikala samaki, nikalala hukohuko, na nisiseme uongo, nililala vizuri sana.

Sasa wa kila mtu ndiyo nini? Nyumba yetu ni ya watu, ndivyo nilivyolelewa, wateja wangu wanakunywa chai kwetu, ndugu wakija kutibiwa mjini wanafikia kwetu, kwaya inaweka ngoma zake sebuleni, na Agnella hajawahi kunung'unika. Wajomba zangu, mzee Fridolin akiwa mbele, wanasema hii ni aibu ya ukoo, wamekodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na Jumapili baada ya misa wanakwenda kumshusha yeye na godoro lake. Wanasubiri tu niseme ndiyo. Nikikataa wataniona sina sauti, nikikubali namwona Agnella akishushwa watu wanatazama, na moyo unaniuma. Uhuru wa mke unaishia wapi?

Ni mimi Baba Sikitu, Lipangalala.

*

Marahaba, Baba Sikitu. Pole, maana kusubiri kesho mpaka Agosti kunahitaji moyo. Pole yangu imeishia hapo.

Umeandika nimemruhusu, nimemruhusu, nimemruhusu, mpaka tukafika kwenye rangi ya zambarau. Uhuru unaotoka mfukoni mwako, na ukikasirika unarudi mfukoni mwako, bado ni mali yako. Siku ngoma za kwaya zilipoingia sebuleni, nani alimwuliza Agnella? Unasema hajawahi kunung'unika. Angenung'unika saa ngapi, wakati anaosha vikombe vya wateja wako? Mji mzima umeuchomelea mageti, mkeo hata komeo hukumpa, halafu unashangaa amepanda juu ya nguzo.

Sikuambii uwafukuze wagonjwa. Kupokea watu ni wema, na wema ni wa yule anayeutoa kwa hiari yake. Wewe umekuwa mkarimu kwa mikono ya Agnella, sifa ukachukua wewe, masufuria ukamwachia yeye. Mtu asiyeulizwa hapati hata nafasi ya kuwa mwema, anatumika tu. Inawezekana angekubali karibu yote hayo, lakini hutajua, maana hukuuliza.

Na wewe Agnella, najua gazeti hili litakufikia hata kama limefungiwa maandazi. Niko upande wako, ila hiyo nakuja kesho yako siipendi. Unajifungua kamba huku unamfunga mwenzio. Sema nakaa mpaka mvua zianze, au sema sirudi mpaka ngoma zitoke. Ruhusa humdai, lakini ukweli anakudai.

Umeuliza uhuru wa mke unaishia wapi. Unaishia palepale unapoishia wa mume, mtu mwingine anapoanza kuumizwa. Kwa sasa kilichoumia ni jina lako kwa wajomba, na hilo litapona.

Kwa hiyo leo hii mpigie mzee Fridolin. Shikamoo yake mpe kamili, kisha mwambie kirikuu hakiendi. Akisema huna sauti, mwambie ndiyo hiyo aliyoisikia. Ngoma zirudishe kanisani. Chai ya wateja waagizie mama lishe wa jirani na karakana yako, ulipe mwenyewe. Jumapili nenda shambani peke yako, chukua sukari na blanketi lako. Ukifika usipande. Simama chini, piga hodi, usubiri. Anaweza kukwambia urudi ulikotoka, nawe utarudi bila maneno. Lakini akisema karibu, utakuwa umekaribishwa na mtu aliyeweza kukukataa, na sidhani kama umewahi kukaribishwa hivyo tangu umwoe.