Mkia wa Jicho la Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Stoo! Bosi amenipeleka stoo! Kufuta lensi na kupanga maboksi ya fremu — mimi, niliyekaa mbele ya duka lile la miwani tangu kuta zake zilipokuwa za kijani.

Sababu? Jumamosi alikuja mama mmoja na mumewe kuchukua miwani. Nikamvalisha yule mume, nikamtazama usoni kama ninavyowatazama wote, nione fremu imekaaje. Leo asubuhi mama kapiga simu dukani. Eti namkonyeza mumewe! Jicho langu la kushoto limelala tangu ule ugonjwa uliponipinda uso. Mdomo umerudi, shavu limerudi, kope imegoma. Ikipepesa inapepesa kwa wakati wake, mimi sina amri nayo. Na mwanamume mwenyewe ananuka sigara mpaka kwenye masikio. Nimkonyeze nimpeleke wapi?

Nikamweleza bosi. Akasema ananielewa, anasikitika sana, ila mteja akiingia kwenye duka la macho anataka kuona sura changamfu, si jicho la usingizi. Jicho la usingizi! Kasema hivyo huku anachezea funguo za gari. Nikae nyuma mpaka likae sawa. Daktari mwenyewe hajui kama litakaa sawa. Yeye kaambiwa na nani?

Kiti changu kakalia Kidoti, yule binti aliyeletwa mwezi uliopita nimfundishe kazi.

Jumanne, 4 Machi

Mume wangu anasema kwake yeye sijabadilika hata chembe. Mwongo mkubwa. Mbona siku hizi mezani anakaa upande wangu wa kulia? Nimemuuliza. Akasema anakimbia upepo wa feni.

Feni ilikuwa imezimwa!

Alhamisi, 6 Machi

Nimenunua wanja. Ule wa maji, wenye brashi nyembamba. Kidoti anajipaka wa mkia, umechongoka kama ncha ya kisu, na wateja wote wanamwambia ana macho mazuri. Nikasema basi, kama mkia unanyanyua jicho, na mimi nitalinyanyua langu.

Nimekaa mbele ya kioo cha bafuni tangu nilipotoka kazini. La kulia limetoka mara moja, safi. La kushoto — Mungu wangu! Nalivuta kwa kidole mpaka ngozi inanyooka, nachora mstari, unakaa vizuri kabisa. Nikiachia, mkia wote unaporomoka hadi shavuni. Futa. Vuta tena, chora tena. Umeporomoka. Futa. Kope imekuwa nyekundu, inawaka moto.

Mume wangu akapita kufuata taulo. Akanitazama kwenye kioo. Akauliza nimepigana na nani. Nikamrushia wanja. Haukumpata. Umepata pazia, na pazia ni jeupe.

Jumamosi, 8 Machi

Wifi amekuja. Huyu ni dada yake mume wangu, kazi yake kupamba maharusi, na mdomo wake hauna breki. Sikumwambia kitu, ila pazia aliliona. Akacheka mpaka akakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea. Halafu akanivuta mbele ya dirisha la sebuleni, akasema nichore yeye aone.

Nikalivuta jicho. Akanipiga mkono.

— Usivute, wifi yangu! Ukilivuta unachora jicho ambalo huna.

Nikashusha kidole. Halafu hasira zikanipanda, nikamwambia kama ni hivyo arudi kwake. Hakurudi. Alikunja mikono akanisubiri nimalize kutweta. Namchukia anavyonijua.

Akanielekeza. Jicho wazi, kidevu chini, nitazame mbele kabisa kama napigwa picha ya kitambulisho. Nianze na nukta, pale mkia unapoishia. Halafu nirudi nayo kidogo kidogo mpaka kwenye kope. Na nukta ya kushoto iwe juu kuliko ya kulia. Nikasema si zitapishana? Akasema ndiyo, lazima zipishane, ndipo zionekane sawa.

Hiyo ndiyo kazi yangu! Hakuna mtu mwenye masikio yaliyolingana. Mkono mmoja wa fremu unaukunja zaidi ya mwenzake, unaushusha kidogo, na mtu anajiona kwenye kioo yuko sawasawa. Kila siku nawafanyia wengine hivyo, na hakuna hata mmoja niliyemwambia akakae stoo.

Mkia umetoka. Wifi akapiga kigelegele cha kejeli. Nikacheka, kwa shingo upande.

Jumatano, 12 Machi

Leo stoo kumekuwa na kituko. Kidoti akaingia na miwani mkononi, machozi yanamlengalenga. Mteja karudi mara ya pili, inamteleza puani. Bosi kamwambia aniletee niikunje. Niikunje! Bila kuona uso! Nikamuuliza sikio lipi la mteja liko juu.

Akafikiri sana.

— Yote mawili, dada.

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilimfundisha nini huyu mtoto? Nikasema basi mteja aje huku. Kidoti akaenda kuuliza, akarudi. Bosi hataki. Wateja wasiingie nyuma, na mimi nisitoke mbele. Kwa hiyo nikachungulia kwenye upenyo wa mlango, kama mwizi, nikakadiria kichwa cha mzee wa watu kwa mbali, nikakunja. Imekaa. Mzee akamshukuru Kidoti. Akamshukuru na bosi.

Nimefuta lensi leo mpaka kitambaa kimetoboka.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda kazini na wanja macho yote mawili. Bosi alinikuta kwenye korido. Akasimama. Akasogea, akainamisha kichwa huku na huku kama anakagua gari la mtumba.

— Umeona sasa? Ulikuwa unaweza siku zote! Jumatatu rudi mbele.

Nilifurahi. Niseme ukweli, nilifurahi, nikamwambia asante bosi, nikamwambia mara mbili. Hasira zimenijia baadaye, nikiwa nimeinama kwenye sinki. Ulikuwa unaweza! Kama vile kope yangu ilikuwa inafanya uvivu!

Ila kuna jambo. Jicho hili halifumbi vizuri, linakauka. Daktari alinipa dawa ya matone, asubuhi, mchana na jioni, na akasema nisiruke, kioo cha jicho kisije kikakauka nikajuta. Leo mchana nilitia matone kama kawaida. Ndani ya dakika chache mkia wote ulikuwa shavuni, mweusi tii. Bosi akanikuta najifuta. Akasema taratibu tu, kwa upole wake ule, kwamba mbele ya wateja hilo lisitokee. Nikamweleza ni dawa. Akasema si nitie nikifika nyumbani?

Wanja au dawa. Nikaendelea kujifuta. Sijui kwa nini sikujibu!

Jumapili, 16 Machi

Nimejaribu wanja usiolowa maji. Wifi ndiye kaleta. Haukulowa. Ulibanduka vipande, vikaingia ndani ya jicho, nimelia kama mtoto.

Wifi akasema nitafute kazi nyingine. Mume wangu akasema nivumilie, nirudi kwanza mbele, mengine yatajipanga. Nikamuuliza, jicho likiharibika nalo litajipanga? Kisha akahama kiti, akakaa kushoto kwangu. Bado nina hasira naye, lakini niliona.

Jumatatu, 17 Machi

Asubuhi. Nimeshavaa, viatu tu bado. Jicho la kulia limekwisha, mkia mzuri kupita siku zote. Nimeweka nukta ya kushoto. Simu ikalia. Ujumbe wa bosi.

Anasema kabla sijatoka nimtumie picha ya uso. Aone kwanza.

Aone kwanza!

Nimeusoma nimesimama, nikausoma nimekaa. Halafu nikachukua pamba nikafuta ile nukta. Nikatia matone, matatu badala ya mawili. Mume wangu mlangoni anauliza kama nimemaliza. Nimemwambia nimemaliza. Ametazama kulia, ametazama kushoto, akarudi sebuleni. Bora yake!

Nimepiga picha. Karibu kabisa, bila kutabasamu. La kulia limepambwa. La kushoto tupu, limelowa, limelala lilivyolala. Chini yake nimeandika: Jicho ndilo hili, matone ni mchana pia, na nakuja kukaa mbele.

Imekwenda. Naandika hapa kwa mkono mmoja, simu iko kwenye mwingine. Ameisoma. Naona anaandika. Ameacha. Anaandika tena. Na aandike! Mkoba uko begani, viatu hivi hapa, natoka hata kama —