Mzee wa Mti Asiyeitikia

Neema mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Lupiro tu wazima, na nyumba yetu ya shamba tuliyoikarabati iwe makumbusho inapata wageni. Unauliza kwa nini sanamu zangu nimeziacha uani zinyeshewe.

Nikiwa msichana nilichoka kufukuza ndege mpungani, nikachonga mzee wa mti, nikamsimamisha shambani. Ndege walimzoea siku hiyo hiyo. Jioni jirani akaja kwa baba amenuna: "Yule mgeni wenu nimempa shikamoo mara mbili, kanyamaza!" Baba alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilijua tayari kwamba naweza kuchonga.

Mzee huyo ndiye aliyesimama getini sasa. Mvua inamla, ndiyo. Lakini nikimfungia ndani, nani atapita amwamkie?

Bibi yako