Mstari Mmoja katika Mashine Kumi na Mbili

Jumatatu, 2 Juni

Mashine ya saba. Flash ndani, nakili, flash nje. Ya nane. Ya tisa. Kompyuta zote kumi na mbili, kwa muda wa saa mbili na nusu, mgongo unauma. Ndivyo ninavyofanya hapa kituoni Rugenge tangu miaka sita. Wanafunzi wanajifunza kuandika programu kwa Python, Python inataka vifurushi vya msimbo, na pip, ile amri inayovileta, inavitafuta kwenye internet. Internet yetu ni ahadi tu. Basi vifurushi nawaletea minye mwenyewe kwa flash, na pip nimeiagiza isome humo.

Hakuna aliyenifundisha. Niseme na hilo.

Leo Maman Directrice, mkuu wa kituo, ametuletea Espérance, mwalimu mpya. Amesoma Bujumbura. Diploma yake aliiweka mezani ndani ya plastiki, kama nyama ya friza. Jumamosi komite itatuangalia sote wawili tukifundisha, halafu itachagua responsable, msimamizi wa chumba cha mashine. Miaka sita nimekuwa responsable bila jina. Sasa jina limefika, na limekuja na mtu wake.

Ananiita yaya, kama kaka yake mkubwa. Namzidi miaka minne tu. Hilo pia limeniuma.

Jumatano, 4 Juni

Kavimvira, kama kila Jumatano. Karibu na mpaka, simu yenye kadi ya Burundi inashika rezo, mtandao wa ng'ambo, na ile haisinzii. Naketi kwenye ukuta nyuma ya meza ya Mama Sifa, mubadilisha pesa. Kompyuta mapajani, simu juu ya tofali. Pip inateremsha vifurushi, minye nahesabu malori.

Mama Sifa: "Weye kila wiki unakuja kuvua hapa. Samaki ziko wapi?"

Nikamwambia ziko ndani ya flash.

"Basi utaoa flash."

Nikamweleza habari za Espérance. Kosa. Akauliza kama ni muzuri. Nikasema sijaangalia. Akacheka mpaka muteja wake akaanza kuhesabu noti upya.

Si uzuri wake. Ningependa iwe hivyo, ingekuwa rahisi.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeona kazi yake. Afadhali nisingeiona.

Amechukua vifurushi vyote, vifurushi vyangu vya ukuta wa Kavimvira, akaviweka katika mashine ya kwanza na kuifanya duka. Nyingine zinavuta kutoka humo kwa waya. Kwenye kila mashine aliandika anwani ya duka katika faili ya pip ya mutumiaji. Kwisha. Waya hizo ziko ukutani tangu nilipoanza kazi. Miaka sita nazipita na flash mkononi.

Akaniuliza mbele ya wanafunzi: "Yaya, iko sawa hivi?" Nilimtafutia dharau usoni nikaikosa. Nikazidi kukasirika. Nikajibu, "Inaweza kwenda."

Inakwenda vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza.

Dada yangu alipika sombe, majani ya muhogo. Sikumaliza. Akaniuliza nani amekufa.

Ijumaa, 6 Juni

Nitaandika nilichofanya, kwa sababu hapa hakuna muntu wa kumdanganya.

Saa sita Espérance alijaribu mashine zote. Zote zikajibu. Akaenda mazoezi ya kwaya. Minye nikabaki na ufunguo wa mlango, na neno la siri la mashine, kwa sababu ni minye nilizipanga. Pip haisomi faili moja tu. Iko ya mutumiaji, na iko nyingine ya mashine nzima, ndani kabisa, kwenye /etc. Hapa hakuna aliyewahi kuifungua ila minye. Humo nikaandika:

no-index = true

Maana yake, usiulize duka lolote. Mistari yake sikuigusa hata mmoja. Akifungua faili yake ataikuta safi kama shati la Pasaka.

Mashine kumi na mbili. Robo saa. Mgongo haukuuma.

Jumamosi, 7 Juni

Komite ni watu watano. Walikaa benchi ya nyuma. Nilitangulia minye, nikafundisha vitanzi na orodha, mambo yasiyohitaji kifurushi. Wakaitikia kwa vichwa.

Kisha Espérance. Akawaambia wanafunzi waandike pip install. Mashine zote kwa pamoja zikatoa mistari myekundu: hakuna kifurushi kinacholingana.

Akafungua faili yake. Safi. Akakagua waya. Mzee mmoja wa komite akanong'ona, kwa sauti ya mtu asiyejua kunong'ona: "Diploma ziko mingi siku hizi." Nilifurahi. Naandika hivyo, nilifurahi, kwa sekunde kumi.

Halafu Espérance akaandika amri fupi, maneno matatu, ambayo sijawahi kuiona. Skrini ikamwonyesha kila faili ambayo pip inasoma, ipi ipo, ipi haipo, na ndani yake mna nini. Minye huwa nazitafuta moja moja, kama mtu aliyepoteza mbuzi. Akasoma. Akafika kwenye /etc. Akajua nani ana neno la siri. Akageuka, akaniangalia.

Nilingoja aseme.

Akasema: "Yaya Sadiki, njoo utusaidie. Hii inataka mukono wako."

Nikapita mashine kwa mashine nikifuta mstari wangu. Vifurushi vikaingia. Komite wakapiga makofi. Kwangu. Yule mzee akasema uzoefu haununuliwi Bujumbura. Kabla ya saa sita nilikuwa responsable.

Jumapili, 8 Juni

Misa. Espérance aliimba peke yake baada ya komunyo. Sauti nayo anayo. Mungu hana kiasi na watu wengine.

Nilidhani nikipata cheo wivu utaisha. Umehama tu. Sasa namwonea wivu alivyonyamaza.

Jumatatu, 9 Juni

Nilienda kwa Maman Directrice kabla wanafunzi hawajafika. Nikasema ni minye niliharibu, siku ya Ijumaa, kwa wivu. Hakuacha kupiga karatasi zake mihuri.

"Espérance anajua?"

"Alijua palepale."

"Na wewe ukadhani amekuhurumia."

Ndivyo nilivyodhani.

"Sadiki, yule ni binti wa kijijini, wa Kiringye. Hapa mujini amefika juzi. Angekushitaki mbele ya wazee wale, nani angemuamini? Alihesabu vizuri kuliko weye."

Nilikuwa nimekesha nikitafakari wema wake. Kumbe hakuwa na pengine pa kupita, na mlango niliufunga minye. Hilo limeniumiza kuliko makofi yale.

Akanyoosha mukono. "Ufunguo." Nikauweka mezani. Komite ataieleza mwenyewe, na hatanipamba. Darasa moja ameniachia, akasema, kwa sababu vifurushi haviji kwa miguu yao.

Jumanne, 10 Juni

Espérance alifungua chumba. Akanisalimu, nikamsalimu. Neno yaya halikuwemo. Sikuwa na haki ya kulitafuta, lakini nililitafuta.

Wivu uko bado. Sikutegemea uondoke kwa sababu nimesema kweli mara moja.

Wanafunzi walipotoka nilibaki kwenye benchi. Nikamuomba msamaha. Akasema amesikia, akaendelea kuzima mashine. Nikamuuliza ile amri ya Jumamosi ilikuwa ipi. Miaka sita katika chumba hiki sijawahi kumuuliza muntu kitu. Aliacha mashine, akaniangalia kama anayepima iwapo ni mtego mwingine. Kisha akaitaja polepole, neno kwa neno, na minye nikaandika.

pip config debug