Sweta Tatu

Mtaa wa West Indies, Eldoret
12 Februari 1989

Kwako mdogo wangu Warigia,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi. Sisi wazima, isipokuwa mimi na presha. Jemutai, yule nesi wa kanisani kwetu, ameanzisha kikundi cha sisi akina mama wanene. Kila alfajiri tunashika njia ya Yamumbi kwa miguu, na Jumapili anatupima presha na kutugombeza kuhusu mafuta. Ameniambia wazi kwamba nisipopungua, mshipa utanipasuka kichwani kama wa mama yetu. Nimeogopa, sikufichi.

Waweru anacheka tu. Anasema mke mnene ndiye anayewaonyesha watu kwamba duka letu lina unga. Watoto wako waje Agosti kama kawaida.

Dada yako,
Wangari

Nyeri
5 Machi 1989

Dada mpendwa,

Huku hatujambo, ni mvua tu imekataa. Nimecheka! Wewe uliyekuwa ukiniita kutoka shambani nikupe maji, na mtungi uko kando yako, leo unatembea? Tembea, dada. Mama alituacha mapema mno, na wewe sitaki kukuzika. Watoto wameshaanza kuulizia maandazi yako.

Mdogo wako,
Warigia

Eldoret
18 Juni 1989

Mpendwa Warigia,

Natumaini mko wazima. Presha imeshuka! Jemutai alinipigia makofi mbele ya wote. Nguo zinanipwaya.

Lakini wateja wamehamia kwa Githinji, ng'ambo ya barabara. Eti nina ukimwi. Mama mmoja aliniuliza, "Mama Duka, kwani siku hizi unajisikiaje?" huku akichukua chenji kwa ncha za vidole. Nikamwambia ni mazoezi. Akasema, "Ni sawa. Hata binamu yangu alisema hivyo."

Waume wamewakataza wenzangu, kikundi kimekufa. Waweru ameniamuru nile mpaka nirudi nilivyokuwa. Aliniona nikitoka kila alfajiri kwa macho yake, lakini sasa ana kikombe chake na anakiosha mwenyewe. Nikienda kupimwa, watakaoniona kwenye foleni hawatangoja majibu.

Nikinenepa, presha. Nikikonda, hili. Nimebanwa, Warigia. Leta watoto. Watu wakiwaona wanakula kwangu, watanyamaza.

Dada yako,
Wangari

Nyeri
21 Agosti 1989

Dada,

Pole kwa kuchelewa kujibu. Sisi sote wazima. Watoto hawataweza kuja mara hii, wana homa, tena mwalimu amewaongezea masomo. Baba yao pia anaona tungoje kidogo. Mimi nakuamini, unajua. Ila ungepimwa tu, roho zetu zitulie.

Mdogo wako,
Warigia

Eldoret
3 Septemba 1989

Kwako Warigia,

Nimefurahi kusikia mko wazima wote. Wape watoto pole ya homa.

Hapa mambo yametulia. Ndani ya gauni navaa sweta tatu, na leso nimeizungusha kiunoni. Kwa baridi hii hakuna anayeuliza. Wateja wamerudi. "Mama Duka, umepona!" wanasema, nami naitikia asante huku jasho linanitiririka mgongoni. Tukifunga mchana, najifungia stoo nazunguka magunia ya mahindi mpaka nichoke, maana sitaki kufa. Kikombe cha Waweru bado kiko peke yake.

Umeniumiza kuliko wateja wote. Wao hawanijui.

Lakini Desemba si mbali. Waambie watoto anti yao amenenepa tena. Maandazi nitawapikia nikiwa nimevaa sweta zote tatu, na sitazivua mpaka waondoke.

Dada yako,
Wangari