Saladi ya Mavyaa na Thomu Iliyopita Majivuni

Mavyaa wangu mpenzi,

Nimeipata! Nakuandikia mikono bado ina mafuta, kwa hiyo doa ukiliona kwenye karatasi ujue ni la zeituni, si la machozi. Kulia nimekulilia sana, leo nina habari. Nimeipata ile sosi. Ile ya thomu, kitunguu saumu kama wasemavyo wa bara, ile ya hotelini, ile iliyotutesa miye na weye jikoni mpaka majirani wakadhani tunachemsha dawa ya mchango.

Mbele ya watu nilikuita Mama, kama inavyopasa. Nikiwa na mashoga zangu nilikuita mavyaa, na mara nyingine nilishusha sauti nikaongeza neno. Ulikuwa unajua, nami nilijua kwamba unajua, na ndivyo tulivyoishi kwa salama wanawake wawili jiko moja.

Unaikumbuka siku ya posa ya Mwanaidi, binti wa dada yako? Upande wa mume wakajifanya wa kisasa, badala ya kuja kwetu nyumbani wakatualika hotelini Raskazone. Ulijitia udi mpaka dereva wa bajaji akafungua pazia. Tukaketi kwenye viti virefu, miguu inaning'inia, na kabla ya chochote likaja bakuli kubwa kama la kufulia nguo za mtoto. Ndani, majani. Ukayatazama majani, ukanitazama miye, ukamtazama mhudumu.

"Mwanangu, umetuletea pambo. Chakula kiko wapi?"

"Hicho ndicho chakula, mama. Ni saladi."

"Saladi naijua. Saladi hukaa pembeni mwa sinia la biriani, ikapendezesha, ikatupwa."

Kijana wa watu akatupangia uma, na hakuwa na kosa. Ni siye tuliokuwa hivyo: jani la saladi kwetu ni kama kitambaa cha meza, na mgeni akionekana analitafuna, mwenye nyumba huona haya kwamba hakumshibisha. Basi ukachukua uma, ukaanza kufukua. Miye nilijua unachotafuta. Ulikuwa unatafuta wali chini. Ukafukua ukakuta kuku wa kuchoma, ukakuta mayai, ukakuta dengu, tango, na vipande vidogo vya mkate vigumu kama kokoto.

"Wamelichukua boflo la jana," ukaninong'oneza, "wakalikausha, na siye tumevalia mabuibui mazuri tumekuja kulitafuna."

Halafu ukailamba ile sosi nyeupe kwa ncha ya kidole. Ukanyamaza. Weye, kunyamaza! Ukalamba tena. Kina baba wakawa wanazungumza mahari, siye tunazungumza thomu.

"Imo thomu."

"Imo, Mama, lakini haiumi."

"Si mbichi hii. Imepitia mahali."

Imepitia mahali! Neno hilo likatuweka jikoni majuma. Tukaichemsha, ikawa haina ladha, kama maji ambayo thomu imeoga ikaenda zake. Tukaikaanga, ikawa chungu. Tukaitwanga mbichi, ikatuliza sote wawili, ukajifuta na upindo wa kanga ukasema hata ndoa yako haijawahi kukuliza hivyo. Nilicheka mpaka mchi ukaniponyoka. Halafu ukaumwa. Halafu ukatuacha, na mahali ilipopitia thomu hatukupajua.

Sasa nikwambie ya mumeo.

Tangu uondoke, Baba alikuwa anakula wali kama mtu aliyepewa kazi ya kuulinda. Kilima cha wali, mchuzi, basi. Sukari ikapanda. Akajikwaa kidole cha mguu, kidonda kikagoma kufunga. Tukampeleka hospitali, daktari binti mdogo, mpole, akamwamkia shikamoo vizuri, kisha akamwambia bila kuzunguka: wali upungue, nusu ya sahani iwe mboga mbichi, na kidole hicho wakikichezea kitakatwa, na kisu kikishaanza hakijulikani kitaishia wapi. Baba akaitikia "Inshallah," ile Inshallah yake ya kufungia mlango. Tukarudi Ngamiani, nikaupunguza wali. Akaitazama sahani kama barua ya serikali.

"Mwanangu, huu ni wa kuonja?"

"Ni maneno ya daktari, Baba."

"Mama yenu hakunipimia wali hata siku moja."

Kisha, kwa kuwa mkwe ni mkwe na hatugombani uso kwa uso, akamgeukia mwanao Salim kana kwamba miye nimeshatoka chumbani.

"Mwambie mkeo, nikinyimwa wali hapa, mpaka wa Horohoro si mbali. Dada yangu yuko Mombasa, na sufuria zake bado hazijatoboka."

Nikaogopa, Mama. Namjua shangazi na namjua mkono wake, kwake wali hupakuliwa kwa sahani, si kwa mwiko. Baba akivuka mpaka na kidole kile, atarudi pungufu. Lakini miye sibishani na mkwe. Ninachoweza ni kupika. Nikajiambia: yale majani kama yaliweza kukunyamazisha weye, yatashindwa vipi na mumeo?

Nikaharakisha, na haraka yangu unaijua. Thomu nikaitwanga mbichi, maana ndiyo njia pekee ya zile zetu iliyokuwa na ladha. Nikatia maziwa mgando na ndimu, nikamimina juu ya majani. Baba akala vijiko vichache vya heshima, akatoka kwenda kuswali Alasiri. Mlango ulipofungwa ndipo nikakumbuka. Aliyekula thomu mbichi asiwasogelee wenzake msikitini! Jambo hilo hata watoto wa chuo cha Kurani wanalijua, na miye nimekaa kwenye mkeka wa chuo hichohicho.

Akarudi amenyooka kama mlingoti wa bendera.

"Salim, mwambie mkeo leo nimeswali kwa nafasi. Kulia hamna mtu, kushoto hamna mtu."

Salim akauma mdomo. Mabega yakamtikisika.

"Na Mzee Mbwana kaniuliza, kwetu nani anaumwa kifua."

"Ukamjibu nini, Baba?"

"Nimjibu nini? Nimemwambia mke wako. Thomu isionekane tena nyumba hii. Itupwe."

Baba ni mtu wa maneno machache, na ubaya wa maneno machache ni kwamba huacha upenyo. Alisema itupwe. Hakusema itupwe wapi. Nilikuwa nimetoka kuchoma samaki changu waliokuja asubuhi kutoka Kigombe, jiko la mkaa bado lina moto chini. Nikakichukua kichwa kizima cha thomu, maganda na yote, nikakitupa ndani ya majivu. Amri imetekelezwa.

Niliporudi kuzoa majivu nikakutana na harufu. Mama! Thomu, lakini thomu iliyotubu. Nikaikung'uta, nikaibonyeza kwa kidole gumba, punje zikatoka zenyewe, laini kama samli, rangi ya asali mbichi. Nikalamba. Nilipiga ukelele, Salim akaja mbio na ndoo ya maji.

"Umeungua wapi?"

"Imepitia majivuni!"

"Nini imepitia majivuni?"

Akanitazama kwa huruma, akarudisha ndoo. Ungekuwepo weye tungeshikana mikono tukazunguka jikoni. Nimezunguka peke yangu, paka ni shahidi.

Ikabaki mafuta. Haya ya kukaangia yaliifanya nzito, inaganda ulimini. Nikaikumbuka ile chupa ya zeituni aliyoletewa Baba kutoka Umra, anayojipaka magotini kabla ya kulala. Nikapiga hesabu: magoti mawili, chupa kubwa. Nikaazima kidogo. Kama dawa hiyo inafanya kazi kwa nje, itashindwa nini kwa ndani? Nikaiponda thomu yangu iliyotubu na chumvi, nikatia haradali kidogo, ndimu, pilipili manga, nikaingiza zeituni tone kwa tone huku nakoroga upande mmoja, mwisho maziwa mgando mazito. Ikawa nyeupe, ikang'aa, ikashika mgongo wa kijiko. Nikamlisha Salim, nikangoja kidogo, nikamwambia anipumulie usoni.

"Mchana huu?" akasema mwanao, akaanza kufunga mlango.

"Pumua, bwana!"

Akapumua. Haikunuka. Nisamehe kwa kukueleza haya, lakini weye ndiye uliyemzaa.

Leo asubuhi nikaenda sokoni kwa mama wa Kishambaa anayeuza mboga zinazoshuka kutoka milimani Lushoto. Nikachukua saladi mafungu kwa mafungu, matango, nyanya ngumu, karoti. Akanitazama mpaka akashindwa kuvumilia.

"Shoga, majani yote haya? Una sungura?"

"Sina sungura. Nina mkwe."

Akaniongezea fungu bila kuniuliza zaidi. Naye ameolewa.

Nikaosha majani jani kwa jani, nikayakung'uta ndani ya kanga safi mpaka yakakauka, maana tulijifunza kwa tabu miye na weye kwamba jani lenye maji huikimbiza sosi. Nikachemsha dengu na mayai. Nikakata boflo la jana, ndiyo, la jana, nikalikaanga mpaka likalia likivunjwa. Nikachoma changu wawili. Kisha nikafanya ujanja: sikuleta bakuli. Nililitandika sinia lako, lile lako la sherehe, majani chini, dengu, nyanya, mayai, sosi juu yake, na samaki wamelala juu kama wenye nyumba. Wali nikauweka pembeni, kwenye kisahani. Nikaubadilishia zamu.

Baba akaketi, akanawa, akatazama.

"Leo pambo limekuwa jingi."

Salim alikuwa anatazama dari. Miye nilisimama mlangoni na jagi la maji. Akikataa sasa sina kingine, nimebaki na Horohoro. Mkono wake ukaenda kwa samaki, ukarudi na samaki, na jani limeng'ang'ania chini yake. Akalitazama lile jani. Angeweza kulikung'uta. Akalitia mdomoni pamoja na samaki, likalia *krap*. Akatafuna. Akanyamaza, kunyamaza kulekule kwako, Mama, ningekutambua popote. Mkono ukarudi. Safari hii haukwenda kwa samaki.

"Salim," akasema baada ya muda, "muulize mkeo, hii si ile thomu?"

"Ni ile uliyosema itupwe, Baba," nikasema miye mwenyewe, desturi ya mkwe imeshaniponyoka. "Niliitupa."

Akatafuna hilo nalo. Akamsogezea Salim uso.

"Ninuse."

Mwanao akamnusa baba yake, mtu na ndevu zake, kama anayechagua tikiti. "Hunuki kitu, Baba. Unanuka ndimu."

"Alhamdulillahi." Akaendelea. Alikula upande wake wa sinia mpaka maua ya chini yakaonekana, akavuka mpaka akaingia upande wa Salim. Kisha akakigusa kile kisahani kwa mgongo wa mkono.

"Wali huu toeni. Unapoa bure."

Nilitaka kupiga vigelegele. Nilikwenda jikoni nikavipiga ndani ya kanga, kimyakimya, nikarudi na uso wa mtu wa kawaida.

Akanawa, akavaa kofia, adhana ya Alasiri ishaanza. Alipofika mlangoni akageuka, akasema lile alilokuwa akilisema kila mchana wa maisha yenu, weye ukiwa bado jikoni unamalizia, hujaketi:

"Msimalize. Mbakishieni mama yenu."

Akasikia alichosema. Na siye tukasikia. Salim akaliinamia sinia. Baba akashika fremu ya mlango, nikaona anatafuta pa kuliweka neno lile, na hapakuwa na mahali.

"Nimeshamwekea, Baba," nikasema.

Akanitazama, machoni kabisa, kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

"Haya," akasema. Akaenda kuswali.

Nilikuwa sijaweka. Nikaweka. Nimechukua bakuli, nimechagua majani ya katikati, yale machanga, na kipande cha samaki kisicho na miiba, na vile vikokoto vya boflo vingi, nikamimina sosi, nikafunika kawa. Liko hapa mbele yangu ninavyokuandikia. Salim amelala, nyumba imetulia, barazani wamepita watoto wa chuoni wanakimbizana.

Mwenyezi Mungu akupanulie huko uliko, akulaze pema na wema. Nimelifunua bakuli. Karibu, Mama.

Bismillahi.

Mkaza mwanao