Mkalimani wa Mama

Kwa dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kile kikohozi cha mdogo kimepona. Sisi huku wazima, wa kusema tu. Mama anakula, anatembea, ananifokea kama kawaida. Mjomba ndiye hali yake si nzuri. Amelazwa wiki ya pili sasa, na Mama hajakanyaga wodini.

Uliuliza kazi yangu inaendeleaje. Meli ya watalii bado inatia nanga kila Alhamisi, inakaa saa sita, na katika saa hizo wageni wanataka kuona ndege, kasa na sisi. Kwa mpangilio huohuo. Nawapitisha kwenye mikoko, kisha tunaishia ufukweni, ambako Mama huwaeleza kwa lugha yetu ya zamani kwamba kasa ni ndugu wa ukoo wetu na watoto wake hawaguswi, hata wakipotea njia. Mimi natafsiri. Mama husema wasiwashike. Mimi nawaambia bibi anawakaribisha, kila mtu achukue mmoja apige naye picha. Wanampigia makofi, naye anatabasamu akidhani wameelewa, kisha anarudi nyumbani kabla picha hazijaanza.

Shida ni kwamba kasa hawajui ratiba ya meli. Mayai yakianguliwa Jumatatu, Alhamisi mchanga ni mtupu. Mkuu wa msafara aliniambia wazi kwamba Alhamisi mbili zikipita bila kasa, atatafuta mji mwingine.

Mwezi uliopita, meli ilipokwisha kuondoka, Mama aliokota ufukweni kasa wachanga arobaini na mmoja, wote wamekufa. Alipoona viota vimefukuliwa alimwita Mjomba, mlinzi wa ufukwe, akamuuliza mbele ya ukoo mzima alikuwa wapi. Mjomba akainama, akasema alilala. Unamjua Mjomba. Hata harusini kwake alichelewa kwa sababu ya kiota. Wazee wakamvua ulinzi, na Mama akamwambia asimwite dada tena. Tangu siku hiyo anadhoofika tu.

Dada, Mjomba hakulala. Ni mimi. Niliwafukua Jumatatu, ndio kwanza wametoka kwenye mayai, nikawaweka stoo katika lile beseni la bluu ambalo Mama alikuwa akituogeshea. Siku tatu walipiga makasia yao madogo dhidi ya plastiki. Alhamisi niliwamwaga mchangani, wageni wakawashangilia mpaka majini, lakini nguvu za kuogelea walikwisha kuziacha kwenye beseni. Mjomba alinikuta nikiliosha. Aliniuliza kama Mama anajua, nikasema hapana. Aliposema alilala, nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama, na sikufungua mdomo. Najichukia, Dada, na Alhamisi iliyofuata nilikwenda kazini.

Jana Mjomba aliniuliza kama dada yake anakuja. Nikamwambia yuko njiani.

Usinijibu kwa barua. Barua zako ni mimi ninayemsomea Mama, na najijua, nitaruka mistari. Panda basi uje umwambie kwa mdomo wako, wakati Mjomba bado anauliza.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi, mdogo wako.