Kufuli la Deo

Baba,

Shikamoo. Nimezoea kungoja marahaba yako, na leo nimeingoja tena kama mjinga.

Drili yako ninayo. Siku ile waliyokuua hapa Lusahunga niliiokota ina damu yako kwenye mpini, biti yake, ile ncha ya kutobolea, imekatikia ndani ya kufuli. Mwenye duka alikuwa amepoteza ufunguo, akakuita umtobolee, kisha akaenda kukununulia soda. Mpita njia akakuona unatoboa mlango usio wako, akapiga yowe la mwizi. Wakakuponda kwa mawe na magongo, Baba, watu uliowatengenezea milango. Soda ilifika umeshakata roho. Polisi walipouliza, hakuna aliyeona kitu. Nawachukia. Padri anasema nisamehe, namjibu bado.

Jeneza lako nililitoboa mwenyewe. Mbao nilizitoboa drili ikienda kasi, na kipande cha ubao nyuma ili upande wa pili usichanike. Kule Kasulo, kwenye kaburi lako, pa kufungia msalaba, marumaru nilizibandika selotepu, nikazima mgongo wa nyundo wa drili, nikaanza polepole. Nilipofika kwenye zege nikabadili biti, nikawasha mgongo ule. Haikupasuka hata moja. Ungepitisha kucha kutafuta kosa, usingelipata.

Sasa sikia. Jumatatu alikuja Deo, jirani yetu. Siku ile waliyokuua nilikuwa nakimbia kukufikia nikamwona kwa macho yangu akikurushia jiwe la kichwa. Ufunguo wa stoo yake umepotea, na tangu ufe mafundi wengine wanaogopa makufuli. Nikabeba drili, nikaenda. Alipoinama kunionyesha kufuli nikaona shingo yake, nikabonyeza. Biti ilizunguka karibu kabisa na sikio lake. Nilitaka kumtoboa, Baba. Nyama haihitaji hata oili. Akageuka, akaiona, akalowa jasho. Hakukimbia.

Nikakusikia: "Usikilazimishe chuma. Kipe muda." Nikaachia kitufe.

Nikamwambia ashike kufuli kwa koleo, awaite majirani, aseme kwa sauti mlango ni wa nani na mimi ni nani. Wakaja, wengi wao wale wale. Nikatia oili, nikaanza na biti nyembamba, taratibu, halafu nene. Chenga za chuma za moto zilimwangukia mkononi, hakuachia. Kila aliponyamaza nilizima drili nikamtazama. Mpaka kufuli linaanguka alikuwa analia: "Mlango ni wangu. Huyu ni fundi. Na baba yake alikuwa fundi."

Majirani waliinamisha vichwa. Sikupata raha niliyoitarajia, lakini usiku ule nililala.

Sijamsamehe. Pumzika, Baba. Nakuahidi drili yako haitagusa kufuli la mtu kabla mwenyewe hajasimama kando yangu na kutangaza. Na akitaka kuniletea soda, nitamwambia asiondoke. Tutaenda kuinywa pamoja, kazi ikiisha.

Mwanao,
Yustina